Mpira mwekundu kwanza, wa njano baadaye

Ukishuka Posta, Dar es Salaam, na kutembea kuelekea baharini, honi za daladala hufifia na upepo huanza kukupiga usoni. Upande huo ndiko viliko viwanja vya Gymkhana, ambako wakazi wa jiji wamecheza tenisi kwa miaka mingi.

Mzazi anayempeleka mtoto kujifunza, iwe hapo au kwingine, huwa amebeba raketi ya mtu mzima na mipira ya njano. Kocha anayeijua kazi yake huviweka pembeni. Humpa mtoto raketi fupi, hufunga wavu mdogo na kupima kiwanja cha mita 11, wakati kile cha kawaida kinakaribia mita 24.

Mpira wenyewe ni mwekundu na hauna presha. Sababu iko kwenye kimo cha mtoto. Mpira wa njano ukidondoshwa kutoka mita mbili na nusu hudunda hadi sentimita 135 au zaidi. Mtoto wa miaka 6 ana sentimita 115 hivi. Unampita juu ya kichwa! Akilazimishwa, atapiga akiwa amenyoosha mkono juu na kupinda mgongo, kifundo na bega vitalalamika, na baada ya Jumamosi tatu atasema tenisi haiwezi. Wengi huishia hapo, na nyumbani huambiwa ni wavivu.

Mwekundu hurudi kwenye usawa wa kifua au chini yake, nao unakwenda taratibu. Mtoto anaupiga, unarudi, anaupiga tena. Akizoea huhamia mpira wa rangi ya chungwa kwenye kiwanja cha mita 18, kisha wa kijani kwenye kiwanja kizima. Tangu 2012, sheria za tenisi duniani haziruhusu mpira wa njano wa kawaida katika mashindano ya watoto wa miaka 10 kushuka chini.

Hata hivyo, swali la pembeni ya kiwanja ni lilelile: "Kocha, wa njano lini?" Tangu Angella Okutoyi wa Kenya atwae ubingwa wa wasichana wawili wawili Wimbledon 2022, wazazi wana haraka zaidi. Baba mwenye haraka ajaribu yeye kwanza. Mpira mwekundu unawafaa hata watu wazima wanaoanza, na kitambi hakizuii.

Kwa joto la Dar, somo liishe kabla ya saa 3 asubuhi. Kofia, viatu visivyoteleza, na chupa ya maji ambayo mtoto anaruhusiwa kuinywa bila kuomba.