Bao Lisiloandikwa

Mpenda soka yeyote wa Tanzania mwenye umri wa kutosha anaijua Ndola, hata kama hajawahi kukanyaga Zambia. Mwaka 1979 Taifa Stars ilikwenda huko ikiwa na ushindi wa 1–0 ilioupata Dar es Salaam. Wenyeji wakatangulia kufunga, Peter Tino akasawazisha, na sare ile ya 1–1 ikatupeleka Lagos mwaka 1980, kwenye fainali zetu za kwanza za Mataifa ya Afrika. Tulikaa miaka 39 kabla ya kurudi kwenye fainali hizo, nchini Misri, mwaka 2019. Miaka yote hiyo bao la Tino halikusahaulika. Taifa zima lilikuwa shahidi wake, na hapa Ushirombo vijana ambao wazazi wao walikuwa watoto wakati ule wanalitaja jina lake.

Lakini si kila mfungaji anajaliwa mashahidi wa namna hiyo. Namfikiria Bert Patenaude, kijana wa Fall River, mji wa viwanda vya nguo huko Marekani. Tarehe 17 Julai 1930, akiwa na umri wa miaka 20, aliifunga Paraguay mabao yote matatu ya ushindi wa 3–0, katika Kombe la Dunia la kwanza kabisa, mjini Montevideo. Hakuna aliyewahi kufunga matatu katika mechi moja ya michuano hiyo kabla yake. Hata hivyo, bao lake la pili lilizua utata: kumbukumbu nyingine zilimpa mwenzake Tom Florie, nyingine zikasema Paraguay walijifunga wenyewe. Kwa hiyo sifa ya kuwa wa kwanza ikaenda kwa Guillermo Stábile wa Argentina, aliyefunga matatu siku mbili baadaye. FIFA ilimrudishia Patenaude haki yake Novemba 2006. Alikuwa amefariki mwaka 1974.

Miaka 76 ya kusubiri haki ya bao moja! Kazi aliifanya yeye kwa miguu yake, lakini heshima ya kazi hiyo ilikuwa mikononi mwa walioshika kalamu. Hilo ndilo somo ninalolichukua kwake: kufanya kazi vizuri ni wajibu wa mtendaji, na kuitunza kumbukumbu yake ni wajibu wetu sisi tuliosimama pembeni tukishangilia.

Mkoa wetu wa Geita umeonja thamani ya hesabu iliyotunzwa. Msimu wa 2021/22, George Mpole wa Geita Gold aliibuka mfungaji bora wa Ligi Kuu kwa mabao 17, akimwacha Fiston Mayele wa Yanga na 16. Bao moja tu. Lau bao hilo lingeandikwa kwa jina la mwingine, asingekuwa peke yake kileleni.

Sasa tazama viwanja vyetu vya vumbi, kuanzia hapa Ushirombo hadi Runzewe na Masumbwe. Vijana wanagombea mbuzi, watu wanazunguka uwanja, mabao yanapachikwa, jua likizama kila mtu anakwenda zake. Mwaka ukipita, tunabishana nani alifunga. Miaka kumi ikipita, hata ubishi umekwisha. Ajabu ni kwamba kuandika tunakujua. Kwenye maduara ya dhahabu, mifuko ya mawe huhesabiwa mmoja mmoja kabla ya mgawo, maana kila mchimbaji anajua kwamba mfuko usiohesabiwa huzaa ugomvi. Jasho la mchezaji linastahili uangalifu uleule. Na si mchezaji peke yake: yuko mwalimu aliyefundisha darasa la kwanza miaka thelathini, yuko mkunga aliyezalisha nusu ya kijiji, yuko fundi aliyejenga kisima tunachokunywa maji yake.

Kwa hiyo nawaomba viongozi wa timu, walimu wa michezo na waamuzi wa wilaya ya Bukombe: nunueni daftari moja la kaunta. Andikeni tarehe, timu, matokeo, jina la mfungaji na dakika aliyofunga. Viongozi wa timu zote mbili watie sahihi. Mfanye hivyo Jumapili hii, wakati wafungaji wetu wangali hai na wanaweza kusoma majina yao.