Jalada Lina Safari: Jinsi Upelelezi Unavyopangwa, kutoka Dowa hadi kwa Sherifu wa Marekani

Juma hili tunalichambua neno upelelezi. Limetokana na kitenzi kupeleleza, yaani kutafuta habari kwa makini, na mara nyingi kwa siri. Katika kitenzi hicho tumepata mpelelezi, upelelezi na hata udadisi wa mtu ambaye watu husema kwamba "anapelelezapeleleza" mambo yasiyomhusu.

Wanafunzi wangu wa Dzaleka waliotoka Kivu hawalipendi neno hili. Kwao mpelelezi ni mtu anayeketi kando ya wenzake, akasikiliza mazungumzo yao, kisha akayapeleka kwa wakubwa. Wale waliopitia Kigoma kabla ya kufika Malawi wanalijua kwa maana nyingine: afisa wa polisi anayekusanya ushahidi wa kosa la jinai. Lugha inazikubali maana zote mbili. Hata hivyo, anayeijua ile ya kwanza pekee humkimbia mtu ambaye pengine angemsaidia. Ndiyo maana nimeona mada hii inafaa kuwa somo la uraia pamoja na la msamiati.

Chanzo chake ni swali. Mwanafunzi mmoja, ambaye familia yake inasubiri kuhamishiwa Marekani, alisoma kwamba huko kila wilaya ina sherifu na kwamba sherifu ana kitengo cha upelelezi. Akataka kujua kitengo hicho kimepangwaje, na kama kinafanana na polisi wa hapa.

Sherifu ni nani?

Tuanze kwa kutenganisha maneno. Sherifu si sharifu. Sharifu, katika miji ya pwani yetu, ni mtu wa ukoo wa Mtume, na neno hilo ni la Kiarabu. Sherifu limetoka katika Kiingereza cha kale, ambako lilikuwa muungano wa maneno mawili yenye maana ya msimamizi wa jimbo kwa niaba ya mfalme. Hapa Malawi tunaye Sherifu pia, lakini ni ofisa wa mahakama: kazi yake ni kutekeleza hukumu za kesi za madai, kwa mfano kukamata mali ya mdaiwa aliyeshindwa kulipa. Mtu wa Lilongwe akisikia kwamba sherifu amefika, hufikiria samani zinazobebwa, wala hafikirii bunduki na farasi wa kwenye sinema.

Sherifu wa Marekani ni mkuu wa polisi wa wilaya, na katika majimbo mengi huchaguliwa kwa kura za wananchi. Askari wake hulinda maeneo ambayo hayana polisi wa mji, huendesha gereza la wilaya na hupeleka hati za mahakama. Ofisi ikiwa kubwa, kama ile ya wilaya ya Los Angeles, upelelezi hugawanywa katika vitengo vingi: mauaji, makosa dhidi ya watoto na ya kingono, wizi wa mali, utapeli na makosa ya mtandaoni, dawa za kulevya. Wapo mafundi wa kukagua eneo la tukio, na ipo ghala ya kutunza vielelezo, ambamo kila kitu kinachoingia au kutoka huandikwa. Ofisi ikiwa ndogo, katika wilaya ya mashamba na watu wachache, mpelelezi mmoja au wawili hubeba yote hayo.

Mwendo wa kazi ni ule ule, ofisi iwe kubwa au ndogo. Askari wa doria hufika kwanza na kuandika taarifa. Msimamizi huisoma na kuamua apewe mpelelezi gani. Mpelelezi huwahoji mashahidi, hukusanya vielelezo na kuandaa jalada. Jalada hupelekwa kwa mwendesha mashtaka wa wilaya, naye ndiye anayeamua kama kesi ifunguliwe mahakamani. Kumbukeni hatua hiyo ya mwisho: mpelelezi hutafuta, lakini hashtaki.

Hapa Malawi

Malawi ina jeshi moja la polisi kwa nchi nzima, likiongozwa na Inspekta Jenerali, na makao makuu yake yapo Area 30, Lilongwe. Huyo hachaguliwi kwa kura za wananchi. Idara ya upelelezi wa jinai ni tawi la jeshi hilo, nalo hushuka ngazi kwa ngazi: makao makuu, mkoa wa kipolisi, kituo, kisha vituo vidogo. Makao makuu kuna vitengo vya kitaalamu, kama kile cha makosa ya fedha na ulaghai. Kituoni kuna mkuu wa kituo, na chini yake kuna mkuu wa upelelezi wa kituo pamoja na wapelelezi wake, ambao kwa kawaida huvaa nguo za kiraia. Kando yao kuna dawati la kuwasaidia waathirika, ambalo hupokea hasa wanawake na watoto waliodhulumiwa, na kuna waendesha mashtaka wa polisi. Hao wa mwisho ni askari wanaosimama katika mahakama za mahakimu kwa mamlaka ya Mkurugenzi wa Mashtaka.

Katiba ya mwaka 1994, katika kifungu cha 42, inaamuru kwamba aliyekamatwa afikishwe mahakamani ndani ya saa 48. Mwaka huo huo wa 1994 Dzaleka iligeuzwa kuwa kambi ya wakimbizi. Kabla ya hapo ilikuwa gereza, na katika utawala wa Kamuzu Banda watu walifungwa humo kwa sababu za kisiasa bila kufikishwa mbele ya hakimu. Jina lenyewe la Kichewa hufasiriwa kuwa ni kauli ya mfungwa anayeahidi kuacha. Kuacha nini, ikiwa hakuna aliyemthibitishia kosa? Kila ninapofundisha tofauti ya mtuhumiwa na mfungwa, natamka sentensi hizo katika ardhi ambayo tofauti hiyo ilikuwa imefutwa.

Kwa majirani

Tanzania ndiyo iliyotuzalia msamiati mwingi wa fani hii. Mkurugenzi wa Upelelezi wa Makosa ya Jinai yuko juu, chini ya Mkuu wa Jeshi la Polisi. Kila mkoa una Mkuu wa Upelelezi wa Mkoa, ambaye watu humwita RCO, na kila wilaya ina Mkuu wa Upelelezi wa Wilaya, yaani OC-CID. Ukiripoti kosa hupewa namba ya RB; ukiwa umejeruhiwa hupewa fomu ya PF3 ya kupeleka hospitali. Dawa zinazodhaniwa kuwa za kulevya hupimwa na maabara ya Mkemia Mkuu wa Serikali. Kushtaki kumetengwa na kupeleleza: kuna Ofisi ya Taifa ya Mashtaka chini ya Mkurugenzi wa Mashtaka. Mfuatiliaji wa habari za mahakama za Tanzania ataikuta mara kwa mara sentensi moja: "Upelelezi haujakamilika." Kwa mwanafunzi wa sarufi ni mfano safi wa ukanushi wa hali timilifu. Kwa aliye rumande ni mwezi mwingine.

Kenya ilipitisha katiba mpya mwaka 2010 na Sheria ya Huduma ya Taifa ya Polisi mwaka 2011. Idara ya Upelelezi wa Jinai, DCI, ikawa mojawapo ya nguzo za huduma hiyo, ikiwa na mkurugenzi wake na makao yake katika barabara ya Kiambu, jijini Nairobi. Kifungu cha 49 cha katiba kinataka mtu aliyekamatwa afikishwe mahakamani ndani ya saa 24, muda ambao ni nusu ya ule wa Malawi.

Kongo ina mapokeo mengine, yaliyotokana na sheria za Ubelgiji. Anayepeleleza ni OPJ, afisa wa polisi ya mahakama, naye hufanya kazi chini ya uangalizi wa mwendesha mashtaka, ambaye watu humwita parke. Maelezo yako huandikwa katika PV. Ndiyo sababu Mkongomani akifika kituo cha polisi cha Malawi hutafuta parke asimwone, akadhani kwamba hapa hakuna sheria. Sheria ipo, ila imekaa katika chumba kingine.

Kwa nini mpangilio huu una uzito

Mama mmoja ninayemfahamu, mshonaji, aliibiwa cherehani kambini. Hajui Kichewa wala Kiingereza, hivyo alinisihi nimsindikize kutafsiri katika kituo kimoja cha polisi. Askari alipomwambia kwamba sasa ataandika maelezo, mama alianza kutetemeka. "Mwalimu, kwani mimi ndiye nimeiba?" Nikamweleza kwamba kuna maelezo ya mlalamikaji, ya shahidi na ya mtuhumiwa, na kwamba yake ni ya kwanza. Akatulia, akaeleza vizuri: rangi ya cherehani, mkwaruzo ulio kwenye gurudumu, na jirani aliyemwona kijana akiibeba alfajiri.

Wiki tatu zilipita kimya. Tuliporudi, tuliambiwa kwamba aliyepokea taarifa amehamishwa, na jalada halionekani. Mama aligeuka kuondoka, maana alikotoka kauli kama hiyo ndiyo mwisho wa kesi. Nilimwomba akae, tukauliza mambo matatu: namba ya taarifa ni ipi, mpelelezi aliyepangiwa ni nani, na msimamizi wake ni nani? Swali la tatu ndilo lililofungua mlango. Mkuu wa upelelezi aliitwa, akatafuta mwenyewe, akalipata jalada katika kabati la yule aliyehamishwa, halijapangiwa mtu. Alimkabidhi mpelelezi mbele yetu.

Lakini jirani aliyeona alikuwa ameshaondoka. Zamu yake ya kuhamishiwa ughaibuni ilifika ndani ya zile wiki tatu, na maelezo yake hayakuwahi kuandikwa. Cherehani haikupatikana. Mama sasa anashona kwa mkono, na shati moja linamchukua siku mbili.

Kisa hiki kimenifundisha jambo ambalo sikulikuta katika kitabu chochote cha uraia. Kijijini shahidi hana haraka, atakuwepo mwaka ujao. Kambini watu wote wako safarini, hivyo kila siku ambayo jalada linalala kabatini, ushahidi unapanda ndege. Kwa sababu hiyo mkimbizi anahitaji kuujua mpangilio wa upelelezi kuliko mtu mwingine yeyote, ili aseme mapema: "Shahidi wangu ataondoka, tafadhali mwandikeni leo."

Wapo wenye hatari kubwa kuliko kupoteza cherehani. Mwaka 2022 Ofisi ya Umoja wa Mataifa ya Kupambana na Dawa za Kulevya na Uhalifu ilieleza hadharani jinsi wasafirishaji haramu wa binadamu walivyokuwa wakiitumia Dzaleka, wakiwanyonya wanaume, wanawake na watoto. Malawi ina sheria dhidi ya kosa hilo tangu mwaka 2015. Lakini sheria haimtambui mhalifu kwa uso wake. Humtambua kwa maelezo ya watu waliothubutu kusema, yaliyoandikwa na mtu anayejua ayapeleke wapi. Msichana anayedhani kwamba mpelelezi ni jasusi hatasema. Asiyejua kwamba kuna dawati la waathirika atayasema mambo yake mazito kaunta, mbele ya foleni, au atayameza.

Na polisi wenyewe wakikosea? Sheria ya Polisi ya Malawi ya mwaka 2010 iliunda Tume Huru ya Malalamiko dhidi ya Polisi, na Kenya iliunda mamlaka ya namna hiyo mwaka 2011. Mpelelezi naye hupelelezwa. Huyu ndiye mlinzi wa mlinzi, na raia anapaswa kumjua kama anavyojua njia ya kisimani.

Kwa hiyo jibu langu kwa mwanafunzi aliyeuliza ni hili. Utakapofika Marekani utamkuta sherifu aliyepigiwa kura, magari mengi na ghala ya vielelezo yenye kufuli za umeme. Usitishwe na vyombo. Uliza kama ulivyojifunza hapa: namba ya taarifa yangu ni ipi, nani anapeleleza, na nani anamsimamia? Kisha omba mkalimani wa Kiswahili, useme kweli yako kwa utaratibu, tangu mwanzo hadi mwisho.

Zoezi

1. Eleza tofauti kati ya mlalamikaji, shahidi, mtuhumiwa na mshtakiwa. Tunga sentensi moja kwa kila neno.

2. Kanusha: "Mpelelezi ameandika maelezo ya jirani." Kisha andika aya fupi ukieleza nani anaumia sentensi hiyo ya ukanushi inapokuwa kweli.

3. Muulize mzee mmoja wa nyumbani kwenu jinsi wizi ulivyochunguzwa kijijini alikokulia. Nani alihoji, nani aliamua, na mtu aliyesingiziwa alijiteteaje? Leta majibu darasani siku ya Alhamisi.