Matendo Yetu Ni kwa Ajili ya Nani?

Katika maswali ambayo Wakristo wa Bariadi huulizana, iwe mnadani, iwe msibani, liko moja lisilochoka: je, mtu huokoka kwa imani peke yake, au kwa imani pamoja na matendo yake? Kwetu swali hili lina mizizi. Kule Nassa, katika wilaya ya Busega, kituo cha misheni ya Waanglikana kilikabidhiwa kwa Africa Inland Mission mwaka 1909, na Kanisa la AIC likaota na kuenea. Katika miaka ya 1950 wakafika Usukuma mapadre wa Maryknoll kutoka Marekani. Hivyo watoto wa ukoo mmoja wakajikuta wanasali katika makanisa mawili, na jioni wakikaa kula michembe wanabishana.

Ubishi wenyewe wameurithi. Mwaka 1522 Martin Luther, alipotafsiri Agano Jipya kwa Kijerumani, aliongeza neno "peke yake" katika Warumi 3:28, na katika dibaji ya tafsiri hiyo hiyo akaulinganisha Waraka wa Yakobo na majani makavu. Mwaka 1547 Mtaguso wa Trento ukajibu kwa ukali. Ilichukua miaka 452 hadi Kanisa Katoliki na Fungamano la Kilutheri Duniani kutia sahihi tamko la pamoja huko Augsburg, Ujerumani, tarehe 31 Oktoba 1999. Walikubaliana kwamba Mungu humpokea mwanadamu kwa neema, kwa njia ya imani, bila mastahili yake. Naye aliyepokewa huitwa kutenda mema.

Maneno hayo ni mazuri, ndugu msomaji, lakini mimi somo hili nilikwisha kulipata kwa shangazi yangu, katika miaka ya 1990, Bariadi ilipokuwa bado wilaya ya mkoa wa Shinyanga.

Shangazi alikuwa mtu wa kazi. Alilima pamba, alipikia wageni wa kanisa, na hapakuwa na mgonjwa kijijini ambaye hakumtembelea. Kisha akapigwa na kiharusi. Upande mmoja wa mwili ukafa, akabaki kitandani, wa kulishwa na kugeuzwa. Kilichomtesa zaidi ya ugonjwa ni swali moja: "Sasa nitamwendea Mungu na nini mkononi?" Katekista akamkumbusha yule mwizi aliyesulubiwa pamoja na Yesu, ambaye hakubatizwa, hakutoa zaka, hakujenga kanisa, na bado aliahidiwa peponi siku ile ile. Shangazi akatulia. Lakini baada ya siku chache akaniambia, "Mwanangu, nimemfikiria sana yule mwizi. Mikono yake ilikuwa imepigiliwa, ila mdomo ulikuwa wazi. Alimkemea mwenzake, akamtetea asiye na hatia."

Haukupita muda mrefu, maneno hayo yakapimwa. Jirani yetu mmoja, mjane mzee, alikuwa na macho mekundu. Kila ajuaye Usukuma anaelewa hatari ya macho hayo. Kuni ni adimu, akina mama hupikia mashina ya pamba na samadi kavu ya ng'ombe, na moshi wake huwaharibu macho maisha yote. Mtoto akafariki katika kaya ya jirani, watu wakaenda kupiga ramli, na minong'ono ikaanza. Vikongwe wengi wa kanda yetu wamekatwa mapanga kwa minong'ono kama hiyo.

Waliokuja kumjulia hali shangazi waliileta hadi kitandani pake. Walikuwa waumini, watu wanaoijua Kanuni ya Imani kwa moyo. Shangazi, kwa ulimi uliokuwa mzito kwa kiharusi, alimjibu kila mmoja: "Macho yale ni ya moshi. Nimepika naye miaka thelathini. Na yangu je, si mekundu?" Kisha akaagiza yule mjane aje alale chumbani kwake, na vijana wa ukoo walale barazani. Mjane yule alikufa miaka mingi baadaye, kwa uzee wake.

Yakobo, anapotaka kuonyesha kwamba imani isiyo na matendo imekufa, anamtaja Rahabu, mwanamke wa Yeriko aliyewaficha watu nyumbani mwake wasiuawe. Ukifungua Waraka kwa Waebrania, sura ya 11, utamkuta Rahabu huyo huyo, safari hii akihesabiwa miongoni mwa mashujaa wa imani. Tendo ni moja, mwanamke ni mmoja. Mwandishi mmoja analiita tendo, mwingine analiita imani. Nionavyo mimi, wote wawili wamesema kweli, kwa maana mlango uliofunguliwa usiku ule ndio imani yenyewe ilivyoonekana.

Je, shangazi aliokolewa kwa kumhifadhi yule mjane? La hasha. Yeye mwenyewe angekataa kusifiwa hivyo. Mungu hana njaa hata tumnunulie wokovu kwa matendo yetu. Mwenye njaa, na mwenye hofu ya panga usiku, ni jirani. Neema humtosha mtu asiye na kitu mkononi. Na mtu aliyekwisha kupokewa bure hana tena sababu ya kujihesabia sadaka zake, hivyo moyo wake unapata nafasi ya kumwona mwenzake.

Mwaka 2015 serikali ilipiga marufuku waganga wapiga ramli, baada ya mauaji ya ndugu zetu wenye ualbino. Sheria ni njema, lakini haikai kando ya kitanda kusikiliza minong'ono. Hapo huwapo waumini tu. Minong'ono ikifika mlangoni pako, utakalojibu ndilo litakaloonyesha unaamini nini.