Wazee wa Ujerumani sawa, wa Likoni je?

Beshte yangu wa Kisauni yuko mwaka wa mwisho wa uuguzi. Juzi tukiwa kwa tuktuk nikamuuliza, ukimaliza wataka wodi gani? Hata hakufikiria. "Matanity, ama thieta." Na wazee je? Akacheka mpaka dereva akageuka. "Nikae nikibadilisha pampasi za babu wa watu huku natukanwa? Zii. Na vile nimesoma?"

Mimi siwezi kumhukumu haraka, kwa sababu hiyo kazi naijua. Niliacha chuo mwaka wa pili. Watu hudhani niliacha ili nitengeneze video. Karo ilikuwa imekwama, ndio, lakini pia nyanyangu alipigwa na kiharusi, mamangu yuko sokoni toka saa kumi na moja alfajiri, na mtu wa kubaki nyumbani Likoni nilikuwa mimi, mjukuu wa kiume. Siku ya kwanza kumuogesha sote wawili tulifunga macho. Wallahi. Yeye kwa aibu yake, mimi kwa yangu. Na mgongo nao, usiku unalala umekunjika kama kiti cha plastiki.

Huyo huyo beshte ndiye alinifunza. Alivuka feri Jumapili akanionyesha: mgeuze kila baada ya masaa mawili, mto kati ya magoti, visigino visiguse godoro. Ngozi ikiwa nyekundu usiisugue, mwondolee uzito pale. Mimi nilikuwa nasugua na mafuta, nikidhani nasaidia. Mikono yake ilikuwa mipole ajabu kwa mtu anayesema hataki wazee.

Halafu nikaona kitabu cha Kijerumani kwenye mkoba wake.

Mwajua hiyo habari. Septemba 2024 Kenya na Ujerumani walitia saini makubaliano ya ajira, na kabla ya hapo, Julai 2021, tulikuwa na yale ya Uingereza ya wahudumu wa afya. Na huko Ujerumani wanakotafuta manasi, wanatafuta sana wa kuangalia wazee. Nikamuuliza, si ni pampasi zile zile? Hakucheka mara hii. "Huko ni kazi. Ina jina, ina mshahara. Hapa nikimwambia mamangu nimeenda kuangalia wazee, ataniuliza kwani nilifeli mtihani?"

Hapo nikanyamaza. Mimi nilidhani ni kinyaa tu.

Sisi twapenda kusema Waafrika hutunza wazee wao. Sisi gani? Ni mamangu, ni binamu wa kike aliyetolewa kijijini, ni mimi niliyekosa karo. Bure. Kitu kinachofanywa bure nyumbani, nani atakiota kama kazi? Sensa ya 2019 ilihesabu watu kama milioni 2.7 wenye miaka 60 na zaidi Kenya. Inua Jamii inampa mzee wa miaka 70 kwenda juu shilingi 2,000 kwa mwezi, na pesa ikichelewa, shauri yako. Nenda duka la dawa uulize bei ya pampasi za watu wazima, kisha urudi tuongee. Na tusijifanye watakatifu kuhusu heshima, hapo jirani Kilifi wazee wameuawa wakiitwa wachawi.

Kwa hivyo nikisikia mtu mzima analaumu wanafunzi wa uuguzi ati hawana huruma, nashindwa. Huruma wanayo, niliiona kwa mikono yangu ikifunzwa. Nani amewahi kuwaonyesha nafasi ya kazi hapa Mombasa, yenye mshahara, ya kuangalia wazee?

Nyanya humwita "daktari". Yeye humrekebisha, "Mimi nasi, nyanya." Mara ya mwisho nyanya alimshika mkono, akahangaika na ulimi wake mzito mpaka akaweza kuuliza atarudi lini.

Akasema Jumapili. Mtihani wake wa Kijerumani ni mwezi ujao.