Hii ni ya Mti Gani?

Wasomaji wenzangu, mtakumbuka mjadala wetu wa muhula wa pili: "Waganga wa kienyeji wana madhara kuliko manufaa." Nilikuwa upande wa kuunga mkono hoja. Nikaanza na yale matangazo ya kwenye nguzo za stima kule Kongowea, ya mganga anayerudisha mpenzi kwa siku moja. Ukumbi ulicheka mpaka Bwana Spika akagonga meza. Tukashinda. Nilichowaficha ni kwamba nyanya yangu mzaa mama ni mganga.

Hawe, ndivyo tumwitavyo kwa Kigiriama, anaishi Kaloleni. Yeye habandiki matangazo. Ana vibuyu vyake vya dawa, na majani huyachuma shambani mwake. Kwenye msitu wa kaya hagusi ovyo, maana kukata mti humo ni mwiko kwa Wamijikenda tangu zamani, kabla hata UNESCO haijaziingiza kaya kadhaa katika urithi wa dunia mwaka 2008.

Likizo ya Desemba mwaka jana alikuwa kwetu Kisauni, ndugu yangu mdogo akashikwa na degedege usiku. Macho yalipinduka, mikono ikakakamaa. Majirani wakajaa: huyo ameingiwa na nyuni, msimpeleke hospitali, akidungwa sindano atakufa! Mama akachanganyikiwa. Hawe alichuma majani uani, akayafikicha kwenye maji baridi, hilo ndilo vuo, akamwosha mtoto huku akinong'ona. Kisha akamfunga mgongoni kwa leso.

"Nyuni nimemaliza naye. Homa ni ya daktari. Twende."

Huko tulikokwenda, muuguzi aliona vipande vya majani kwenye nywele za mtoto, akafoka: "Nani amemchelewesha kwa ushirikina wake?" Hawe akanyamaza. Mimi nami, jamani, nikasogea kando kama simjui. Ni kweli tulichelewa kidogo. Lakini bila yeye, wale majirani wangetuweka hadi asubuhi.

Damu ilipopimwa ikawa malaria kali. Mtoto akadungwa atesuneti. Hawe akaomba kile kichupa kitupu, akanipa nimsomee jina, akauliza:

"Hii ni ya mti gani?"

Nikamcheka. "Hawe, dawa ya hospitali haitoki mtini."

Kumbe! Muhula huu, katika somo la Biolojia, tumefunzwa kwamba atesuneti asili yake ni mmea uitwao artemisia, ambao Wachina wameutumia kutibu homa kwa karne nyingi. Mtaalamu wao, Tu Youyou, alisoma kitabu cha kale kilichoagiza mmea huo ulowekwe majini na kukamuliwa, akang'amua kwamba moto huiharibu dawa yake. Akatunukiwa Nobeli mwaka 2015. Kuloweka na kukamua, yaani kama vuo! Darasa zima liliandika. Mimi kalamu ilinigandia mkononi.

Ndugu yangu alipona, na sasa anawasumbua kuku wa jirani. Likizo hii nitakwenda Kaloleni kumpa Hawe jina la ule mti. Habari za mjadala bado sijui nitazianzaje.