Siasa za Mdachi Nyumbani Kwetu

Baba yangu alikuwa mchuuzi wa samaki huko Karungu, na kitu alichokithamini kuliko vyote nyumbani mwake kilikuwa redio. Ilikaa juu ya kabati, imefunikwa kitambaa alichokifuma mama, na hakuna mtoto aliyethubutu kuigusa. Mawe yake yalipochoka, baba aliyaanika juani karibu na omena ili yapate nguvu ya siku mbili tatu zaidi. Jioni, akirudi kutoka ufuoni, aliketi akazungusha kitufe polepole kwenye masafa mafupi, akapita kelele na miluzi mpaka akasikia Kiswahili kutoka Köln.

Majirani walisikiliza BBC. Baba alisikiliza Sauti ya Ujerumani, na alikuwa na sababu yake. Kutoka kwetu hadi mpaka wa Tanzania si mbali. Waingereza na Wajerumani walikubaliana juu ya mpaka ule mwaka 1886, wakaukamilisha 1890, na mstari ukawapitia Wajaluo na Wakuria katikati bila wao kuulizwa. Babu alikuwa kijana Septemba 1914, askari wa Mdachi, yaani Mjerumani, walipovuka na kupanda hadi Kisii kupigana na Waingereza. Shangazi zake baba waliolewa upande wa pili, na tulipokwenda kuwaamkua tulishangaa kuwasikia binamu zetu wakisema hela pale sisi tunaposema pesa. Baba alitueleza kwamba hela ni sarafu ya Mdachi, Heller, iliyobaki vinywani mwa watu baada ya mwenyewe kufukuzwa. Hata neno shule, alisema, ni la kwao. "Hawa walikuwa majirani zetu. Jirani husikilizwa."

Kulikuwa na sababu nyingine, ya kanda nzima ya ziwa. Mwanasiasa Tom Mboya wa Rusinga aliwatafutia vijana nafasi za masomo Marekani. Mwenzake katika siasa, Jaramogi Oginga Odinga, aliwafungulia wengine njia ya nchi za Mashariki. Mwanawe Raila alisoma Ujerumani Mashariki, Leipzig kwanza na kisha Magdeburg, akarudi 1970 akiwa mhandisi. Kwa hiyo Ujerumani ya nyumbani kwetu zilikuwa mbili: moja iliyozungumza nasi redioni kutoka Magharibi, na nyingine iliyomsomesha mtoto wa Jaramogi. Baba alizifuata zote mbili. Ukuta wa Berlin ulipofunguliwa usiku wa 9 Novemba 1989, alikaa na redio sikioni mpaka mawe yakafa, na kesho yake akanunua mapya kwa pesa ya unga. Mama hakumsemesha siku mbili.

Mimi nilianza kufuata mwenyewe Mei 1994. Nilikuwa mwalimu mchanga wa historia Homa Bay, nimepanga chumba si mbali na mlima wa Asego, na redio niliyoinunua kwa mshahara wangu ilikuwa mezani. Tarehe 23 ilitangazwa kwamba Wajerumani wanamchagua rais. Nilingoja kusikia habari za mikutano ya hadhara, foleni na masanduku. Hakukuwa na hata kimoja. Rais wao huchaguliwa na mkutano uitwao Bundesversammlung: wabunge wote wa Bundestag, pamoja na idadi iyo hiyo ya wajumbe wanaoteuliwa na mabunge ya majimbo. Wajumbe hao si lazima wawe wanasiasa. Mwaka 2017 mmoja wao alikuwa Joachim Löw, kocha wa timu yao ya taifa. Hukutana siku moja chini ya paa moja, hawafanyi mjadala wowote, hupiga kura ya siri. Roman Herzog alipita katika duru ya tatu, na siku ile ile mambo yakawa yamekwisha.

Nililipeleka jambo hilo darasani. Mwaka mmoja na nusu kabla, Desemba 1992, tulikuwa tumepiga kura yetu ya kwanza ya vyama vingi baada ya miaka mingi, na Moi alikuwa amebaki Ikulu kwa zaidi kidogo ya theluthi moja ya kura. Wanafunzi wangu walijua rais ni nani: ni yule anayetoa barabara na kuzinyima. Niliwaeleza kwamba Ujerumani mamlaka ya serikali yako kwa kansela. Rais hutia saini sheria, humteua kansela aliyechaguliwa na Bunge, na huweza kulivunja Bunge pale tu katiba inaporuhusu. Msichana mmoja wa safu ya nyuma akanyoosha mkono. "Sasa mwalimu, rais huyo anafanya nini?" Nikamjibu kwamba anazungumza kwa niaba ya nchi. Darasa halikuridhika, na moyoni mwangu hata mimi sikuridhika.

Baba na mimi tuligeuza siasa hizo kuwa salamu zetu. Nikishuka Karungu wikendi, kabla hajaniuliza habari za watoto, aliniulizia kansela wao, "Kohl bado yupo?" Baadaye, "Schröder bado yupo?" Mwaka 2005 swali hilo lilikosa jibu kwa majuma mengi. Uchaguzi wa 18 Septemba ulivipa vyama ndugu vya CDU na CSU asilimia 35.2, na SPD ya Schröder asilimia 34.2. Gerhard Schröder alidai usiku ule ule kwamba yeye ndiye ataendelea. Pande hizo mbili zilizungumza, zikaandika mkataba mrefu, zikagawana wizara karibu nusu kwa nusu, na tarehe 22 Novemba Angela Merkel wa CDU akawa kansela. Baba hakupendezwa. Alisema mahasimu wawili hawawezi kula sahani moja bila mmoja kumfinya mwenzake chini ya meza.

Sikujua kwamba habari ile tuliyoisikiliza kwa ajili ya kupitisha jioni ingetufikia sisi wenyewe. Desemba 2007 tulipiga kura, matokeo yakatangazwa, na nchi ikawaka. Homa Bay maduka yalifungwa, barabara ya Rongo ikawekwa mawe, shule hazikufunguliwa kwa wakati. Nilikuwa na familia ya jirani, wenyeji wa mbali, wamejificha chumbani kwa watoto wangu siku nne. Kofi Annan alikuja Nairobi kupatanisha. Katikati ya Februari 2008 aliwatoa wajumbe wa pande zote mbili mjini, akawapeleka Kilaguni, ndani ya mbuga ya Tsavo, mbali na waandishi wa habari. Na huko akamwita mtu wa kuwasimulia jinsi vyama viwili vinavyopingana vinavyoweza kukaa katika serikali moja: Gernot Erler, waziri wa nchi katika Wizara ya Mambo ya Nje ya Ujerumani, kutoka SPD.

Nilipolisikia jina hilo redioni nilisimama. Hii ilikuwa hadithi yangu na baba! Jioni ile majirani walikusanyika mlangoni kwangu kwa sababu nilikuwa na mawe mapya, na kwa mara ya kwanza watu waliniomba niwaeleze siasa za Ujerumani. Wazee walitaka kujua nani alimpa nani wizara gani. Vijana waliuliza kama aliyekosa ukubwa hakuona haya. Niliwaambia kwamba waliandika kila kitu kabla ya kuapishwa, na kwamba kila upande ulikuwa na la kupoteza kama ungeondoka. Tarehe 28 Februari Rais Mwai Kibaki na mpinzani wake Raila Odinga walitia saini mkataba wa kugawana serikali. Wakenya wakaipa serikali ile jina la nusu mkate.

Nimewasikia wengi wakiudharau mkate ule. Sikubaliani nao. Ulikuwa na kasoro, mawaziri walikuwa wengi kupita kiasi, na waliopoteza nyumba hawakurudishiwa upesi. Lakini shule yangu ilifunguliwa, na familia ile ya jirani ilirudi kwake kwa miguu, mchana, bila kusindikizwa.

Mwaka 2009 nilirudi kwa marais wa Ujerumani, nikiwa na hamu ya mtu aliyeona kura zikimwaga damu. Horst Köhler alichaguliwa tena tarehe 23 Mei kwa kura 613, na idadi iliyohitajika ilikuwa 613. Hakuna hata moja ya akiba. Gesine Schwan, aliyeshindwa, alikubali. Nilimpenda Köhler kwa kuwa alipoapishwa 2004 alisema utu wa dunia yetu utapimwa kwa yatakayoipata Afrika, na hakuliacha jambo hilo. Ndiyo maana niliumia alipojiuzulu 31 Mei 2010. Hakuiba. Alikuwa amesema maneno juu ya wanajeshi walioko ng'ambo na maslahi ya biashara, akakosolewa, akaona heshima ya kiti imeguswa, akatangaza kwamba anajiuzulu na akaondoka siku ile ile. Aliyemfuata, Christian Wulff, naye aliacha kazi Februari 2012 kwa tuhuma za kupokea fadhila; miaka miwili baadaye mahakama ilimwondolea hatia. Katika chumba cha walimu mwenzangu aliniuliza mara tatu: "Ameondoka mwenyewe? Bila kusukumwa na jeshi?"

Baba alilazwa Machi ile ya 2012. Hakuwa na nguvu ya kushika redio, lakini aliniuliza, "Wamempata nani?" Nikamwambia: Joachim Gauck, mchungaji, mtu wa Mashariki. Merkel naye alikulia Mashariki. Baba alifumbua macho. "Wote wawili? Wa upande wa Magdeburg?" Nikamwambia ndiyo, wote wawili wa upande ule. Alicheka kidogo. Tulimzika kabla ya Pasaka.

Redio ikaja kwangu. Machi 2015 kituo cha kurushia matangazo cha Deutsche Welle, ile ile Sauti ya Ujerumani, kilichokuwa Kigali kilifungwa, na masafa mafupi niliyoyazoea yakabadilika. Nikahamia kwenye simu. Simu haina miluzi, lakini pia haina mlango wa kukusanyikia majirani. Kila mmoja ana habari zake kiganjani, na nyingi si za kweli.

Mwaka wa 2017 siwezi kuuruka. Tarehe 1 Septemba Mahakama ya Juu ilifuta uchaguzi wetu wa urais. Tarehe 24 Wajerumani wakapiga kura yao, vyama vikashindwa kuelewana. Tarehe 26 Oktoba sisi tulitakiwa kurudia, na katika sehemu kubwa ya kaunti nne, Homa Bay, Migori, Kisumu na Siaya, kura haikupigwa. Kwa hiyo nchi mbili nilizozifuata zilikwama pamoja. Frank-Walter Steinmeier, rais wa Ujerumani asiye na jeshi, aliwaita viongozi wa vyama mmoja mmoja, akawakumbusha kwamba waliomba kazi hiyo wenyewe. Rais Uhuru Kenyatta na Raila walipeana mkono tarehe 9 Machi 2018. Merkel alichaguliwa kansela tena tarehe 14. Siku tano!

Nilimfahamu Steinmeier vizuri zaidi tarehe 1 Novemba 2023. Alikuwa Songea, kwenye ardhi ambayo majeshi ya nchi yake yaliua watu kwa bunduki na kwa njaa katika vita vya Maji Maji vya 1905 hadi 1907. Alikutana na wajukuu wa Chifu Songea Mbano, aliyenyongwa 1906 na ambaye fuvu lake familia inaamini lilipelekwa Ujerumani. Aliinamisha kichwa akaomba msamaha. Nilimkumbuka msichana wa safu ya nyuma. Jibu lake lilikuwa lile: rais huyu hufanya hivi. Msamaha haurudishi fuvu wala haulipi mashamba, na wazee wa Songea wana haki ya kudai zaidi. Lakini ulisemwa na mwenye kiti, kwa wenye msiba, kwao.

Siku hizi siasa hizo zina sura ya mtu. Bintiye kaka yangu, aliyekulia Migori mjini, ni muuguzi. Alisoma Kijerumani Nairobi, ngazi kwa ngazi mpaka B2, na Novemba 2022 akaondoka kwenda kuwatunza wazee katika mji mdogo wa jimbo la Sachsen. Tangu makubaliano ya ajira yalipotiwa saini Berlin, 13 Septemba 2024, mbele ya Rais Ruto na Olaf Scholz, kansela wa wakati huo, kila mzazi huku ananijia. Iliandikwa kwamba Wakenya 250,000 wanaitwa. Wizara ya Mambo ya Ndani ya Ujerumani ikakanusha idadi hiyo. Kijana wa kwetu alikuwa tayari amempa wakala pesa za ng'ombe wawili, na wakala hapokei simu.

Katika uchaguzi wao wa Februari 2025 chama cha AfD, kinachopinga wahamiaji, kilipata asilimia 20.8, cha pili nchini, na Sachsen kikawa cha kwanza. Usiku ule binti alinipigia. "Baba mdogo, mzee ninayemwogesha kila asubuhi ameniambia amewapigia kura hao. Kisha akanishika mkono, akaniuliza kama kesho nitakuja." Nilimuuliza alijibu nini. "Nilimwambia nitakuja, ni zamu yangu."

Nilikaa muda mrefu na simu mkononi. Baba na mimi tuliwafuata Wajerumani tukiwa mbali na salama, na hakuna kura yao iliyoweza kutugusa usingizini. Huyu mtoto analala katikati yao, na hana kura. Sasa sisikilizi tena nani amemshinda nani. Nasikiliza wanasema nini juu ya mtu kama yeye.

Sheria yao ya Juni 2024 inamruhusu mgeni kuomba uraia baada ya miaka mitano bila kuuacha wa kwao, na katiba yetu ya 2010 inakubali uraia wa nchi mbili. Muhula wa Steinmeier unamalizika Machi 2027. Sisi tutapiga kura tarehe 10 Agosti. Novemba yake binti atatimiza miaka mitano, na ameniambia ataomba.