Swali la mkaa

Nimepotea kidogo, si mnajua tena semina zilivyotubana. Leo nina kitu kinanikera toka nilipokuwa TP.

Siku hiyo nafundisha kaboni, Form Three. Binti mmoja wa nyuma kabisa akanyoosha mkono: "Samahani mwalimu, mkaa wa jikoni ukipashwa moto mkali sana bila hewa, utakuwa grafaiti?" Mimi bila hata kufikiri: "Ndiyo, moto ukizidi tu." Akaandika kwenye daftari. Hilo la kuandika ndilo linaloniuma.

Sasa juzi nimepangiwa semina ya grafaiti ya vinu vya nyuklia. Kumbe ile wanaitengeneza! Wanachukua koki, yale mabaki magumu ya kusafisha mafuta, wanachanganya na lami ya makaa ya mawe, wanaoka mpaka kama nyuzi 1000, kisha wanapandisha mpaka 2800 hivi. Hapo ndipo atomi zilizokuwa shaghalabaghala zinajipanga tabaka juu ya tabaka, kama karatasi kwenye rimu. Nafasi kati ya tabaka na tabaka inabana mpaka karibu nanomita 0.335.

Ikipoa, tabaka zinasinyaa sana kwa unene na kidogo mno kwa upana, basi ndani zinabaki nyufa ndogondogo. Nikajua huo ni ubovu. Wapi! Ukiipasha tena, nyufa zinameza ule utanukaji na kujifunga, na grafaiti inazidi kuwa imara hata kupita nyuzi 2000. Chuma hapo kimeshakuwa uji zamani.

Haya, turudi kwenye mkaa. Mwaka 1951 Rosalind Franklin (yuleyule wa picha za DNA) alionyesha kuwa kaboni ziko za namna mbili. Koki inakubali kujipanga. Nyingine hata uipeleke nyuzi 3000 haitaki, kwa sababu tabaka zake zimeshikana ovyoovyo toka mwanzo, haziwezi kugeuka zikalala pamoja. Mkaa wa miti uko kundi hilo la wabishi.

Kwa hiyo jibu lilikuwa hapana.

Nimempigia mwalimu wa kemia wa pale shuleni, kasema wako likizo, wakifungua atamweleza. Nikamwomba anisubiri, nitamwandikia binti mwenyewe, ukurasa mmoja tu. Nimeshachana karatasi tatu. Sehemu ya tabaka inatoka vizuri, ila sentensi ya kwanza, ile ya kusema mwalimu wako alikosea, bado inanishinda.